Barua ya wazi: Tetemeko lijalo huenda lisije Jumamosi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maafa, ujenzi na elimu,
kuanzia ngazi ya wizara hadi halmashauri.

YAH: USALAMA WA MADARASA YA TOFALI MKOANI KAGERA NA MAENEO MENGINE YA BONDE LA UFA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi ujenzi na mzazi, mkazi wa Bukoba. Barua zangu za awali zilipita njia ya kawaida: nilizipeleka kwa mkono kwenye ofisi zinazohusika, zikagongwa mhuri wa "imepokelewa", nikarudi na nakala. Kila nilipofuatilia niliambiwa suala linafanyiwa kazi. Sitaji ofisi wala jina la mtu, maana sitafuti wa kumharibia kibarua. Lakini mhuri hauzuii ukuta kuanguka, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Saa 9:27 alasiri ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, kitovu kikiwa upande wa Missenyi, kaskazini magharibi mwa mji wa Bukoba. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikaanguka kwa maelfu au zikabaki na nyufa zisizokalika. Mtikisiko ulisikika hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Msaada ulikuja na viongozi walikuja. Mwaka uliofuata tukaambiwa wazi kwamba serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake. Mjadala huo siurudii hapa. Kama nyumba ni juu yetu, basi darasa ni juu yenu, na barua hii inahusu darasa.

Hoja zangu ni hizi:

1. Tuliokolewa na kalenda.

Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, wanafunzi wakahamishiwa kwingine, na baadaye shule zikajengwa upya. Huko kwenye shule za msingi, madarasa yalianguka au kupasuka yakiwa matupu, kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi alasiri. Tetemeko lile lile lingekuja Jumatatu saa 4 asubuhi, tungekuwa na orodha nyingine kabisa ya marehemu, na sehemu kubwa ingekuwa ya watoto wenye sare.

Sitishi watu. Yametokea kwa wenzetu. Tarehe 31 Oktoba 2002, katika mji mdogo wa San Giuliano di Puglia nchini Italia, tetemeko lisilofika hata 6 liliangusha shule moja wakati wa masomo. Watoto 27 na mwalimu wao walikufa. Ukubwa wake haupishani sana na wa kwetu. Tofauti ni kwamba kule ilikuwa Alhamisi. Pakistani, tarehe 8 Oktoba 2005, tetemeko la 7.6 lilipiga kabla ya saa 3 asubuhi. Kule Jumamosi ni siku ya shule. Wanafunzi zaidi ya 17,000 walifia madarasani.

Wapo waliopewa bahati kama yetu na wakaitumia. Long Beach, jimbo la California nchini Marekani, ilitikiswa tarehe 10 Machi 1933, jioni karibu saa 12, watoto wakiwa wamesharudi nyumbani. Shule nyingi za tofali zilibomoka. Siku zile California haikuwa na wataalamu wala mitambo iliyopo leo, lakini ndani ya mwezi mmoja tu ilikuwa na sheria mpya: hakuna shule ya umma kujengwa bila michoro kuidhinishwa na mamlaka ya jimbo na ujenzi wenyewe kukaguliwa hatua kwa hatua. Mwezi mmoja, Waheshimiwa. Sisi tumekuwa na muda mrefu kuliko huo.

2. Kinachoua ni ukuta, na ukuta huo tunaujua.

Ukuta wa tofali za kuchoma hubeba paa vizuri kabisa, kwa kuwa uzito wa paa unashuka wima na tofali inastahimili kukandamizwa. Tetemeko linausukuma ukuta kwa ubavu, na hapo tofali pamoja na udongo ulioziunganisha havina cha kushikilia. Kona ndiyo inayoanza kuachia: ukuta wa mbele unakwenda kwake na wa pembeni kwake, ufa ukishuka kutoka juu. Kati ya dirisha na dirisha nyufa zinakatana msalaba. Kisha ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kileleni mwa paa unalala nje wote kwa mkupuo mmoja. Aliyetembea Hamugembe au Kashai, hapa mjini Bukoba, wiki ile ya Septemba hahitaji kuchorewa.

Dawa yake inajulikana. Ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo zima kwenye usawa wa linta, yaani juu tu ya milango na madirisha, na mwingine pale paa linapokalia. Jengo lenye mkanda huyumba lote kwa pamoja kama tenga. Lisilo na mkanda, kila ukuta hufa peke yake.

Sasa mtaniambia linta zipo. Ni kweli zipo, kwenye madarasa mengi. Ila naomba siku moja mmoja wenu apande jukwaa kabla zege halijamwagwa, aangalie kona. Mara nyingi atakuta nondo za ukuta wa mbele zimeishia pale pale konani, na za ukuta wa pembeni zimeanzia hapo, zikalazwa juu ya zile za kwanza na kufungwa kwa waya. Kwa macho inaonekana mkanda umezunguka. Kwa kazi, haujazunguka. Umekatika mara nne, tena pale hasa ambapo tetemeko litauvuta. Nondo inatakiwa ikunjwe, ipite kona, iendelee upande wa pili angalau sentimita 60. Ringi nazo, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo na kuzifunga pamoja, ncha zake zikikunjwa nyuzi 90 tu, zege likianza kupasuka zinafunguka. Zikirudishwa ndani kwa nyuzi 135, zinashika. Tofauti ya kazi nzuri na mbaya hapa ni vipande vya nondo visivyozidi urefu wa mkono na dakika chache za fundi. Zege likishamwagwa na lipu ikapita juu yake, hakuna mkaguzi atakayejua kwa macho kilichomo ndani.

Nasema haya nikijua mafundi wenzangu watanuna. Lakini wengi wetu tumejifunzia kazini, kwa kumwangalia fundi mkubwa, naye alimwangalia wake. Tangu 2016 hakuna aliyetukusanya kwenye kata yangu akatuonyesha kona inafungwaje.

3. Maboma yanapauliwa bila kuulizwa yalivyosimama.

Utaratibu wetu unajulikana nchi nzima: wananchi tunachangia, tunasomba mchanga na mawe, tunapandisha boma hadi usawa wa linta, kisha tunasubiri serikali ipaue na kumalizia. Siupingi. Bila utaratibu huo watoto wengi wangekuwa bado wanasomea chini ya mti. Tatizo ni pale katikati. Boma linanyeshewa mvua za misimu kadhaa bila paa, udongo wa kati ya tofali unaliwa, vichwa vya kuta vinalegea. Siku fedha zikishuka, zinashuka na haraka yake: bati, mbao, milango, taarifa ya utekelezaji, mgeni rasmi. Kuta za juu zinaongezwa juu ya kuta zilizochoka na paa linawekwa. Kwa kuwa kazi inakwenda kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa mtaani badala ya mkandarasi, jicho la mhandisi wa halmashauri ndilo kinga pekee tuliyo nayo, na mhandisi huyo ana miradi kila kata na gari moja. (Kwenye uzinduzi watu husifu rangi. Bado sijamsikia mgeni rasmi akiuliza habari za ringi.)

4. Nyufa za 2016 zilipigwa lipu.

Si zote, na naomba nisieleweke vibaya. Zipo shule zilizojengwa upya vizuri. Lakini yapo madarasa ambayo ufa wa konani ulijazwa mchanga na saruji, ukapakwa chokaa, watoto wakarudi ndani. Ukuta uliokwishaachana hauunganishwi na lipu. Mvua kubwa zikipita ufa unachungulia tena mahali pale pale, na walimu wameuzoea kiasi kwamba wanautundikia ramani ya Tanzania. Wazazi hatujui ni madarasa yapi yalikaguliwa baada ya tetemeko, na nani, na aliandika nini. Taarifa za ukaguzi kama zipo, zipo kwenye makabati.

5. Watoto hawajui wafanye nini, na sisi hatujui tuwaambie nini.

Ushauri unaozunguka kwenye simu ni ule wa nchi zenye majengo imara: lala chini, ingia chini ya meza, shikilia mguu wa meza. Kwenye jengo la zege lililofungwa sawasawa, ushauri huo unaokoa, kwa sababu hatari kubwa ni vitu vinavyodondoka. Je, kwenye darasa la tofali lisilo na mkanda, dawati la mbao litahimili ukuta? Na mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango akimbie au abaki? Wataalamu wenyewe husema jibu linategemea aina ya jengo na umbali wa mlango. Basi tupeni jibu la majengo yetu. Kwa sasa mlango ni mmoja, unafungukia ndani, madirisha yana nondo za kuzuia wezi, na darasa lina watoto wengi kuliko uwezo wake. Mtetemo mkali wa namna ile huisha katika sekunde chache. Hakuna mwalimu atakayepata muda wa kufikiria. Atafanya alichozoeshwa, na hajazoeshwa kitu.

6. Tetemeko si peke yake.

Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi. Januari 2025, wilayani Bukombe, radi iliua wanafunzi 7 shuleni. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyolowana na mvua ilishuka na kuwa tope, ikaingia Katesh na kuua makumi ya watu. Nataja haya kwa ufupi kwa sababu ukaguzi ninaouomba ni safari moja: anayekwenda kuangalia kona za darasa aangalie pia kama kuna kinga ya radi, kama paa limefungwa kwenye kuta au limekalishwa tu, na kama shule imekaa chini ya mteremko unaolegea.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyozoeleka. Niyajibu kabla hayajaandikwa.

Litasemwa: tetemeko ni kazi ya Mungu. Kutikisika kwa ardhi sijui la kusema. Kuanguka kwa ukuta simsingizii Mungu. Mwaka 2010, Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0 na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Februari mwaka huo huo Chile ilipigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ni takriban mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa kama 500. Vipo vilivyochangia, ikiwemo umbali wa kitovu na miji. Lakini Chile ilianza kuwabana wajenzi wake tangu miaka ya 1930, kila tetemeko likiwafundisha kurekebisha kanuni. Haiti haikuwa na kanuni inayofuatwa.

Litasemwa: matetemeko kwetu ni nadra. Rukwa, Desemba 1910, lilipiga la 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika. Mbulu, 1964. Toro, ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda, Machi 1966, zaidi ya watu 150 walikufa. Ziwa Tanganyika, Desemba 2005, 6.8. Julai 2007 ardhi ilitikisika mfululizo karibu na Mlima Gelai, na miezi michache baadaye Oldoinyo Lengai ukalipuka. Kisha letu. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka milimita chache kila mwaka, na tawi lake la magharibi, kutoka Ziwa Albert hadi Nyasa, limepita mgongoni mwetu. Hata Dodoma, makao makuu ya nchi, ina mipasuko yake ya ardhi. Anayesema ni nadra anahesabu kwa muhula wa uongozi. Darasa linatakiwa lidumu miaka 50.

Litasemwa: hakuna anayeweza kutabiri. Sahihi kabisa, na wala sijaomba utabiri. Mnakumbuka baada ya tetemeko zilivyosambaa meseji kwamba usiku litarudi saa fulani, watu wakalala nje na watoto wachanga. Zile meseji zilikuwa uongo kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kuwa siku haijulikani, jengo ndilo linatakiwa liwe tayari siku zote.

Litasemwa: fedha hakuna. Hapa ndipo naomba utulivu kidogo. Darasa jipya lenye mkanda sahihi linazidi kwa gharama lile lisilo nao. Sitawadanganya kuwa ni bure. Lakini kwenye majengo mengi saruji, nondo na kokoto zimeshanunuliwa tayari. Kinachokosekana ni kuzikunja zinavyotakiwa na mtu wa kuangalia. Kuimarisha majengo ya zamani ndiko ghali, na ndiyo maana ninaomba orodha kwanza, ili fedha kidogo iliyopo iende kwenye darasa baya kuliko yote badala ya lile lililo karibu na barabara. Nepal si nchi tajiri. Kwa miaka mingi kabla ya tetemeko la 25 Aprili 2015 walikuwa wakiimarisha shule, moja baada ya nyingine, wakiwafundisha mafundi wa vijijini kazi hiyo hiyo. Tetemeko la 7.8 lilipokuja, shule zilizoimarishwa katika bonde la Kathmandu zilibaki zimesimama. Maelfu ya madarasa mengine nchini humo yalianguka, na nao waliokolewa na siku: ilikuwa Jumamosi, siku yao ya mapumziko.

Litasemwa pia kwamba si kazi ya idara hii, ni ya ile. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kwa hiyo kila ngazi ina mtu wa kuulizwa.

Tunachoomba, wazazi na mafundi tulioko huku:

(a) Kila darasa, bweni na zahanati ya umma mkoani ikaguliwe, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji kwa lugha ya kueleweka: jengo hili linafaa, hili liimarishwe, hili lisitumike. Hata kama hakuna fedha ya kulirekebisha mwaka huu, mzazi ana haki ya kujua mtoto wake amekaa wapi.

(b) Zege la linta lisimwagwe mpaka mhandisi wa halmashauri, au fundi sanifu aliyemteua, asaini kwamba ameona kona na ringi. Picha ipigwe, ihifadhiwe na kamati ya ujenzi ya shule. Simu za kupiga picha kila mtu anazo.

(c) Boma lililokaa bila paa lipimwe kabla ya kupauliwa. Likishindwa libomolewe hadi pale palipo imara, hata kama wananchi tutalalamika. Tutalalamika, kisha tutasomba tena mchanga.

(d) Mafundi wa kila kata wapewe mafunzo ya vitendo, kwenye jengo halisi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana walimu. Ramani sanifu za madarasa zije na mchoro mkubwa wa kona, unaoweza kubandikwa pale saiti.

(e) Shule zipewe maelekezo yanayolingana na majengo yao, mazoezi yafanyike kila muhula, na milango ya madarasa ifungukie nje. Hili la milango linaweza kuanza wiki ijayo. Linahitaji fundi seremala na bawaba.

(f) Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 10 Septemba inayofuata, likisema ni lipi kati ya haya litafanyika, lini, na kwa dhamana ya nani. Kama lipo lisilowezekana, litajwe na sababu yake itolewe. Hilo nalo tutalipokea.

Niko tayari kupanda jukwaa na mkaguzi yeyote mtakayemtuma, siku yoyote, bila posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi ujenzi na mzazi,
Bukoba, Kagera.

Nakala:
Kamati za shule zote mkoani Kagera.
Madiwani na wabunge wetu.
Mafundi wenzangu, wakiwemo walionuna.